Mtaa Usio na Kesi

Nshachoka. Naanza na hilo ili mtu asije akaniuliza mbele ya safari mbona nasema kwa hasira. Mimi ni Sajenti Tahiya Kheir, na nilikuwa mkuu wa kituo kidogo cha polisi kilichomo uchochoroni huku ndani ya Mji Mkongwe, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Nikisema mkuu wa kituo msije mkadhani nilikuwa na jeshi. Kituo kilikuwa chumba kimoja, meza, benchi, na askari wawili wa kupokezana zamu, mmoja wao mie mwenyewe. Lakini taa ya baraza yetu ndiyo pekee iliyokuwa ikiwaka uchochoro mzima kabla ya jua kutoka, na ndiyo iliyokuwa ikimpa moyo Bi Ulfat kufungua mlango wake na kutoka na kikapu.

Bi Ulfat anapika mikate ya ufuta. Ni mjane, hana mtoto, umri umemkalia. Baada ya sala ya alfajiri anaipeleka sokoni Darajani kwa wauza chai, na akichelewa wanachukua ya mtu mwengine. Hana kazi nyengine wala mtu wa kumlisha. Asipotoka alfajiri, hali. Ni hivyo tu, wala sikuzi mambo.

Sasa mwaka huu serikali ikaja na mfuko wa usalama wa miji mikubwa. Pesa za taa, za kamera, za kuongeza askari. Bosi wangu, Mkaguzi Hafiz, alituita wakuu wote wa vituo vidogo akatueleza zitakavyogawiwa, na kila alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuinama kwenye kiti. Mkate ni mmoja na miji ni mingi. Kipimo cha kwanza ni idadi ya watu, na hapo tushashindwa, kwani Dar es Salaam peke yake inatumeza sisi na kisiwa chetu na minazi yetu. Cha pili ni wageni wanaoingia, hapo angalau tunapumua. Cha tatu, ndicho chenye uzito kuliko vyote, ni matukio ya uhalifu yaliyoripotiwa.

"Tahiya," akasema Hafiz, "wewe mwaka mzima umeripoti tukio moja."

"Naam, afande."

"Mtalii kapoteza simu."

"Naam."

"Tena akaja kuiona hotelini chini ya mto."

Wenzangu wakacheka. Mie sikucheka, kwa sababu nilijua maneno yanakokwenda. Kituo kisichokuwa na matukio hakina hoja ya kupata fungu, na kituo kisichopata fungu kitafungwa. Taa itazimwa, askari watapelekwa kwenye matukio.

Na matukio yapo! Hapo ndipo roho inaponiuma. Mtaa wetu watu wanaibiwa, tena si mchezo. Njumu za shaba, ile misumari ya nakshi kwenye mlango wa Bwana Bakar, mlango alioachiwa na babu yake, ziling'olewa upande mmoja wote mchana kweupe, wanaume wako kwenye sala ya Ijumaa. Mtungi wa gesi wa Bi Badria ulitoka jikoni na sufuria ya wali bado iko juu ya jiko. Hata kandambili zangu mie, za mie askari, ziliondoka kwenye kizingiti cha kituo cha polisi.

Mtu akiibiwa anafanya nini? Anakuja kituoni. Anapiga hodi, anakaribishwa, anaulizia hali ya mama yangu, anakunywa maji. Kisha anavuta benchi karibu na meza, anapunguza sauti, ananieleza kila kitu: nani kaiba, kapita wapi, kauza kwa nani. Nikishika kalamu tu, ananishika mkono. "Hapana, mwanangu, usiandike. Nlikuwa nakwambia tu." Ulikuwa unaniambia tu! Kwani mie shoga yako? Na bila ya mlalamikaji hakuna kesi, hata nikiandika kwa wino wa dhahabu.

Lakini nawaelewa, na hilo ndilo linalonichosha zaidi. Mwizi si mtu wa kuja. Mwizi ni mtoto wa fulani, na fulani ndiye aliyekuja kukuoshea maiti ya mama yako, ndiye aliyeshika sufuria siku ya harusi ya binti yako. Ukimpeleka mwanawe korti, utapita vipi tena mlangoni kwake? Basi jambo linamalizwa ndani. Mama wa mwizi anakuja na machozi, mwizi anaapishwa, anasamehewa, na baada ya wiki kitu chengine kinatoka. Wenyewe wanaita sitara. Anayemsitiri mwenzake, Mungu humsitiri naye. Mie sibishani na dini yangu, lakini huko mfuko unakogawiwa hawana safu ya sitara.

Sasa turudi kwa Bi Ulfat. Mwezi wa Rajabu alitoka na kikapu chake kama kawaida, akakata kona ya pili, ambako taa yetu haifiki, akapigwa. Mikate ikamwagwa chini, kifuko chake cha pesa kikang'olewa kiunoni, na mkono wa kulia ukavunjika. Aliyemfanyia hivyo ni Nadir, mtoto wa Bi Sichana wa nyumba ya pili, ukuta mmoja na Bi Ulfat, kijana anayekula unga wa kulevya. Hilo sikuligundua kwa upelelezi, mtaa mzima unajua. Na mtaa mzima unajua vile vile kwamba Bi Sichana na Bi Ulfat wamenyonya ziwa moja. Mama yake Ulfat alikufa uzazini, na mama yake Sichana akawapakata wote wawili. Kwa hiyo Nadir ni mtoto wa Bi Ulfat naye, ukitaka usitake.

Nilimfuata hospitali. Wamemfunga hogo la plasta mpaka kwenye kiwiko, uso umemvimba.

"Shikamoo, Bi Ulfat. Nani kakufanya hivi?"

"Marahaba. Mungu anamjua."

"Na mie namjua."

"Basi tushakuwa watatu, watosha."

Nikamwambia kama yeye hatosema, mie mikono yangu imefungwa. Akasema ya kwake ndiyo iliyofungwa, tena kwa plasta, nisimchekeshe kwani mbavu zinamuuma. Mtu gani huyu! Lakini nilipoinuka kuondoka akanishika sare kwa mkono wake mzima akasema, "Mwanangu, nkipona ntatoka tena. Ila ile taa yako usiizime. Nkiiona inawaka najua kuna mtu."

Ndiyo maana nilihangaika. Hafiz alinambia kuna mlango mmoja umebaki: mfuko utamtuma mtathmini, atapita miji yote, ataingia mitaani asikie watu kwa masikio yake. Wakieleza waliyofanyiwa, hesabu itasahihishwa. "Wafungue midomo tu," akasema. "Siku moja tu katika umri wao."

Nikapita nyumba hadi nyumba. Nikanywa chai mpaka nikavimba. Nikawaeleza kwamba hakuna atakayefungwa, majina ya wezi hayatakiwi, waseme tu walichoibiwa. Wote wakakubali. Bwana Bakar aliapa. Bi Badria alilia kwa kukumbuka mtungi wake. Sheha wetu, mkubwa wa mtaa, Bwana Kificho, mtu wa maneno mazuri na kofia iliyopigwa pasi, alinipiga begani akasema, "Sajenti, ondoa shaka. Siku hiyo nitasema mpaka mgeni atoe kitambaa." Nilirudi kituoni nimejaa matumaini, mjinga mie.

Siku ya mgeni ikafika. Nilitoka nyumbani asubuhi, nikaingia uchochoroni, nikadhani nimepotea. Umefagiliwa mpaka mawe yanang'aa. Kuta zimepakwa chokaa. Taa za harusi zimetundikwa kutoka dirisha hadi dirisha. Mlango wa Bwana Bakar, upande ule ulionyofolewa njumu, umefunikwa pazia la hariri. Na harufu ya biriani imetanda mpaka msikitini. Nilipoisikia ile harufu, moyo ukanambia: Tahiya, tumekwisha.

Kwa sababu nimezaliwa hapa, najua. Sisi mgeni akija hatumuoneshi kidonda. Mgeni anaoneshwa vyombo vizuri, anakalishwa pahala pazuri, na akiuliza hali anaambiwa alhamdulillah hata kama kuna maiti chumba cha pili. Nilikuwa nimewaambia anakuja mtathmini. Wao walisikia anakuja mgeni.

Akaja, mtu wa makamo, mpole, miwani imeteremka puani, suruali ina vumbi la safari. Hafiz yuko pembeni yake. Alikalishwa barazani kwa sheha, kazungukwa na watu. Bwana Kificho akasimama, akakohoa, akaanza.

"Mgeni wetu mtukufu, mtaa wetu huu, alhamdulillah, ni salama salimini. Sisi hapa ni ndugu. Kuna nyumba hazifungwi milango."

Nikamkanyaga mguu. Akausogeza, akaendelea. Nadhani alisema kila kitu kilicho kinyume cha tulichopanga, tena kwa sauti nzuri sana.

Mgeni akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa heshima kama kuna mtu aliyewahi kupatwa na jambo. Nikamtazama Bwana Bakar mpaka akashindwa kunikwepa.

"Bwana Bakar," nikasema, "si mlango wako ulinyofolewa njumu?"

"Zile? Aa, Sajenti. Zimepelekwa kusafishwa."

"Nani kazipeleka?"

"Si... zimepelekwa tu."

Bi Badria hata sikuwahi kumuuliza. Alijisemea mwenyewe kwamba mtungi wake wa gesi ameuazima mtu, tena atarudisha karibuni inshallah, na hapo hapo akainua sinia akauliza kama mgeni anakula pilipili.

Damu ikanipanda. Najijua, mie nikifika hapo sirudi. Nikasimama mbele ya bosi wangu na mbele ya mtaa nikasema, "Mheshimiwa, hawa watu wanakudanganya. Wote. Wameibiwa, wanaibiwa, na wataibiwa wiki ijayo. Yule bibi pale, tazama mkono wake. Alipigwa alfajiri akienda kuuza mikate. Kituo hiki kikifungwa hatoweza kutoka nyumbani kwake."

Watu wote wakageuka. Bi Ulfat alikaa kwenye mkeka karibu na Bi Sichana, mabega yamegusana. Bi Sichana alikuwa kashika ncha ya buibui lake anaikunja na kuikunjua. Mgeni akainuka barazani, akaenda akachutama mbele ya Bi Ulfat, jambo ambalo sikulitarajia kwa mkubwa wa serikali.

"Shikamoo, bibi. Mkono umepatwa na nini?"

Nilimwomba kwa macho. Wallahi, nilimwomba kama mtoto.

"Marahaba, mwanangu," akasema Bi Ulfat. "Nlianguka ngazini. Ngazi zetu hizi, na uzee huu."

"Hukupigwa na mtu?"

"Na nani, mie bibi kizee? Sajenti ananionea huruma tu, ni kama mwanangu."

Bwana Kificho akachekacheka akasema, "Sajenti wetu anafanya kazi sana, kachoka masikini." Watu wakaitikia kwamba nimechoka, naam, kachoka mtoto wa watu, apewe juisi. Wakanipa juisi ya ukwaju. Nikakaa na gilasi mkononi, nimeshakuwa mwongo mbele ya wote, na Hafiz anatazama viatu vyake.

Mgeni alipokuwa anaondoka nilimsindikiza mpaka penye gari. Nikamwambia, "Mheshimiwa, sikukudanganya."

Akavua miwani akaifuta. Akasema, "Najua, Sajenti. Hizo taa za harusi ni mpya na lile pazia lina mikunjo ya dukani. Mimi si mtoto. Lakini nilitoka mji mwengine wiki hii. Mama mmoja wa sokoni alisimama mbele ya watu mia mbili akavua kilemba akanionesha kichwa alivyopasuliwa. Pesa ni zile zile. Nikikupa wewe kwa ninachokijua moyoni, namnyang'anya yule aliyenionesha. Niambie, ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Nilitaka kumchukia. Ingenisaidia sana kumchukia. Lakini alikuwa kachoka kama mie, na bado alikuwa na miji mingine ya kupita, na kila mji una uchochoro wake wenye giza. Nikampigia saluti, akapanda gari.

Mgao ukatoka. Mji wetu ulipata kipande, si haba, kwa sababu ya wageni. Kikaenda bandarini na kwenye barabara za hoteli. Kituo chetu kikaandikiwa kufungwa kwa kukosa matukio. Mie nikapelekwa kituo cha Mtoni, nje ya Mji Mkongwe.

Siku ya kuhama nilikuta uchochoro umejaa. Mtaa mzima umetoka. Wamekuja na vyakula, na udi, na kanga ya kunipa. Wanaume wakanisaidia kupakia meza kwenye gari. Bi Badria alinikumbatia analia, "Mnatuachia nani, Tahiya? Na wizi huu ulivyozidi!" Nilitaka kumrukia. Wizi gani, Bi Badria? Si mtungi umeazimwa? Lakini nilikuwa sina tena nguvu ya kugomba, na kanga aliyonipa ilikuwa nzuri. Bi Sichana alisimama mbali, hakusogea, analia peke yake. Sikumwendea. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, yote mawili kwa pamoja, na sikujua lipi nimpelekee.

Bi Ulfat alikuja mwisho, watu walipokwisha kutawanyika. Hogo limeshafunguliwa, mkono umekonda.

"Shikamoo, Bi Ulfat."

"Marahaba, mwanangu. Ndo wenda?"

"Ndo nnakwenda."

"Mtoni kuzuri. Kuna upepo."

"Bi Ulfat, usinambie habari za upepo. Kesho alfajiri utatoka vipi?"

"Ntatoka na Nadir."

Nikadhani sikusikia. Akanieleza taratibu, kama mtu anayefundisha mtoto. Bi Sichana alimleta, kijana akalia, akaapa, akamwangukia miguuni. Tangu wiki iliyopita yeye ndiye anayembebea kikapu mpaka Darajani na kumrudisha.

"Na unga kaacha?"

"Siku nyengine kaacha. Siku nyengine hajaacha."

"Na hiyo siku ambayo hajaacha?"

"Hujulikana machoni. Siku hiyo nampa pesa kabla hajaomba, tunakwenda salama."

Nikamuuliza, "Na akikupiga tena?"

"Akinipiga tena ntasema nimeanguka tena."

Ndipo nikapiga kelele. Nilimpigia kelele mtu mzima, Mungu anisamehe. Nikamwambia lilikuwa neno moja tu. Neno moja, na leo pangekuwa na taa mpaka kona ya pili na askari wa kumsindikiza, naye asingekuwa anamlipa mwizi wake mwenyewe ili amfikishe sokoni. Nikamwambia nimeaibika kwa ajili yake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, hakukasirika hata kidogo, akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake, kwani nilikuwa nalia na sijui.

"Tahiya," akasema, "ungekuja huo ulinzi, ungekaa miaka mingapi? Wewe mwenyewe si huyo wapakia meza. Imekuja karatasi, wenda zako. Angekuja mwengine, naye ingemjia karatasi yake. Mie nkiugua saa nane ya usiku nagonga ukuta, anaamka Sichana. Sichana hana karatasi."

Dereva akapiga honi. Bi Ulfat akaniombea dua, akanitia mikate miwili mkobani, akarudi ndani kwake akafunga mlango, na nikasikia anatia komeo, kisha la pili.

Nikapanda gari. Nililia njia nzima mpaka Mtoni, na dereva akajifanya hasikii.